Alumini au chuma? Mkuki wa kwanza wa chipukizi wa Hanang si wa kubahatisha

Ukitaja Mbulu na Hanang kwenye kijiwe chochote cha michezo, watu wanakujibu kwa mbio. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 akiwa wa mwisho, goti likiwa limefungwa bandeji, na dunia haijamsahau mpaka leo. Gabriel Geay naye ametoka Mbulu, akakimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2:03:00. Na Septemba 15, 2025, jirani yao wa Singida, Alphonce Simbu, aliipa Tanzania dhahabu ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya riadha kule Tokyo, akitumia saa 2:09:48 na kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu.

Hiyo ni miguu. Swali ambalo haliulizwi sana ni hili: mikono je?

Nyanda za Hanang, kuanzia kata za miteremkoni kama Gitting hadi tambarare za Basotu, ni nchi ya mkuki. Wabarbaig na Wadatoga wengine wamekuwa wakitembea na mkuki kwa vizazi, wakilinda ng'ombe na kuwinda. Kwao mkuki ni kifaa cha kazi, kama jembe kwa jirani yao Mwiraqw. Lakini ukitafuta Mtanzania aliyetikisa dunia kwa kurusha mkuki, unarudi nyuma miaka karibu 40, kwa Zakayo Malekwa, aliyeshiriki Olimpiki za Moscow 1980, Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho kina sababu nyingi: makocha wachache wa mirusho, mashindano machache, macho yote kwenye mbio ndefu zenye zawadi za fedha. Ila ipo sababu moja ndogo inayoanzia shuleni, ambayo mwalimu wa michezo anaweza kuimaliza mwenyewe. Ni mkuki upi anaoushika mtoto siku ya kwanza.

Dhahabu ya Tokyo na mkuki wa shuleni

Mafanikio ya Simbu yamefungua mjadala wa riadha uliokuwa umelala. Kila mkoa sasa unataka "kutengeneza Simbu wake". Ni jambo jema, lakini riadha si mbio tupu. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA kuna kuruka na kuna kurusha: tufe, kisahani na mkuki. Medali ya mkuki ina uzito uleule wa medali ya mita 1,500 kwenye jedwali la mkoa, na washindani ni wachache zaidi. Mkoa wenye akili ungeliona hilo mapema.

Majirani waliliona, au tuseme mtu mmoja kwa majirani aliliona. Julius Yego wa Nandi, Kenya, alikulia kwenye nchi inayojulikana kwa wakimbiaji kuliko hata Manyara. Utotoni alirusha fito alizochonga mwenyewe. Mbinu alijifunza kwa kuangalia video za mabingwa kwenye YouTube, jina la utani likamganda. Mwaka 2011 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Maputo. Akapata nafasi ya kufanya mazoezi Kuortane, Finland, nchi ambayo mkuki ni kama soka. London 2012 akafika fainali ya Olimpiki na kumaliza wa 12. Mwaka 2014 akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola kule Glasgow. Mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, mwaka uliofuata akapata fedha ya Olimpiki ya Rio kwa mita 88.24. Miaka kumi baada ya Beijing, kule Tokyo Septemba 2025, alikuwa bado fainali, akamaliza wa sita kwa mita 85.54 baada ya kuumia.

Fito, kisha video, kisha Finland. Angalia mpangilio huo vizuri. Yego hakuanza na mkuki wa bei mbaya. Alianza na kitu chepesi alichoweza kukirusha mara nyingi kwa siku bila kuogopa kukivunja. Hapo ndipo hoja ya alumini na chuma inapoanzia.

Mkuki wa mashindano ni kitu gani hasa

Kwa asiyeujua, mkuki wa riadha una sehemu tatu: kichwa cha chuma chenye ncha, mti wenyewe ambao siku hizi ni bomba jembamba lililo wazi ndani, na mshiko wa kamba uliozungushwa kwenye kitovu cha uzito. Wa wanaume una gramu 800 na urefu wa kati ya mita 2.60 na 2.70. Wa wanawake una gramu 600 na urefu wa mita 2.20 hadi 2.30. Kwa walio chini ya miaka 18, wavulana hutumia gramu 700 na wasichana gramu 500. Kwa watoto wadogo zaidi nchi nyingi hushuka hadi gramu 400.

Bomba hilo hutengenezwa kwa alumini, kwa chuma cha pua, au kwa nyuzi za kaboni. Ipo pia inayochanganya. Kwa macho yote inafanana, rangi nzurinzuri na michirizi. Mkononi ni vitu tofauti kabisa.

Tofauti kubwa ni ugumu wa kupinda. Alumini ni laini. Mrushaji anapoivuta kwa nguvu, bomba linapinda kidogo na kutetemeka hewani kama fimbo ya mwanzi. Chuma ni kigumu zaidi, kinatetemeka kidogo, na nguvu nyingi ya mkono inakwenda kwenye safari badala ya kupotelea kwenye mtikisiko. Kaboni ndiyo ngumu kuliko zote.

Kwa maelezo hayo mtu atasema: basi si wapewe chuma tu, wafike mbali? Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kigumu kinamtaka mjuzi

Siri ya mkuki ni kurusha "kupitia ncha". Maana yake ni kwamba nguvu yote ya mwili, kuanzia mguu wa mbele unaofunga breki, kiuno, kifua, bega hadi kiwiko, ipite kwenye mstari mmoja na mkuki wenyewe. Mrushaji wa dunia anauachia mkuki kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Kosa dogo la pembe linageuka mita nyingi uwanjani.

Chipukizi hana mstari huo. Anavuta kwa pembeni, ncha inaangalia juu mno, mkono unapita chini ya bega. Akiwa na mkuki laini wa alumini, kosa lake linamezwa kwa sehemu na bomba linalopinda. Mkuki utatetemeka, utapoteza mita kadhaa, lakini utaruka na utatua, na mkono wake utakuwa salama. Akiwa na mkuki mgumu, hakuna cha kumeza kosa. Mkuki unageuka hewani, unaanguka ubavu, na mshtuko unarudi kwenye kiwiko na bega. Kiwiko ndicho kiungo kinachomaliza warushaji wengi mapema, na kijana wa miaka 15 ambaye mifupa bado inakua hana akiba ya kuchezea.

Jambo la pili ni daraja la mkuki. Watengenezaji huandika kwenye mkuki umbali uliokusudiwa: mita 50, 60, 70, 80 na kuendelea. Siyo mapambo. Mkuki wa daraja la chini kwa kawaida ni mnene kidogo na laini, hivyo hewa inaubeba hata kwa kasi ndogo. Wa daraja la juu ni mwembamba na mgumu, umeundwa kwa kasi kubwa. Mpe mwanafunzi anayerusha mita 35 mkuki wa mita 80, utashangaa: unaweza kwenda karibu kuliko ule wa bei rahisi, maana hana kasi ya kuufanya uelee. Ncha inazama mapema na habari inaishia hapo.

Kwa hiyo kwa anayeanza, mkuki wa bei kubwa unaweza kumpunguzia umbali na kumuongezea maumivu. Ni moja ya michezo michache ambapo masikini na kocha mwenye ujuzi wanashauri kitu kimoja.

Ila alumini nayo ina kasoro zake

Isije ikaonekana alumini ni malaika. Inapinda na kubaki imepinda. Mkuki ukitua ubavu kwenye ardhi ngumu, bomba linapata kona ndogo ambayo jicho halioni, na kuanzia siku hiyo hauruki tena sawasawa. Mtoto anaambiwa anarusha vibaya kumbe mkuki ndio mbovu. Chuma kina ustahimilivu zaidi. Kinapigwa na kurudi kwenye umbo. Kasoro yake ni kutu, hasa pale rangi inapobanduka na mkuki kuwekwa stoo yenye unyevu. Gitting ni sehemu ya baridi na mvua ya mlimani, stoo za namna hiyo hazikosi.

Tatizo la ardhi ni kubwa kuliko linavyosemwa. Viwanja vingi vya shule, kiangazi, ni vigumu kama barabara ya changarawe. Mkuki wowote, wa alumini au chuma, ukirushwa hapo mara 100 utaumia ncha na mgongo. Dawa yake haihitaji fedha: eneo la kutua lilimwe. Hanang ni nchi ya mashamba ya ngano, mahindi na maharage. Shamba lililovunwa na kupigwa jembe la trekta au la ng'ombe ni sehemu nzuri ya kutulia mkuki kuliko kiwanja cha soka. Ukanda wa mita 20 kwa 60 uliolimwa unaweza kuongeza maisha ya mikuki ya shule kwa misimu kadhaa.

Matunzo nayo ni nusu ya bei. Mkuki unang'olewa kwa kuvutwa kurudi ulikotokea, kwa mstari uleule ulioingilia, siyo kwa kuutikisa kushoto kulia kama mtu anayeng'oa mti wa uzio. Unabebwa wima, ncha chini. Hauegemezwi ukutani kwa wiki nzima, unalazwa au kuning'inizwa ili usipinde. Na kabla ya mashindano unaviringishwa juu ya meza bapa: ukirukaruka, umepinda, uachwe kwa mazoezi mepesi tu.

Mkuki wa fundi, nondo na mkuki wa babu

Pale ambapo hakuna mkuki wa dukani, wazo linalokuja haraka ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea. "Si chuma tu?" Hesabu ndogo inatosha kuliua wazo hilo. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa kila mita. Ukikata mita 2.6 unapata kilo 2.3, karibu mara tatu ya mkuki wa mwanaume mzima. Hata nondo ya milimita 8, yenye gramu 395 kwa mita, itafika kilo moja na ushee. Mtoto wa darasa la sita anayerusha nondo hiyo hajifunzi mkuki. Anajifunza kubeba mzigo kwa kiwiko, na ikimpata mwenzake ni msiba.

Fito ni bora mara kumi. Mwanzi mnyoofu au fito kavu ya mti mwepesi, iliyopunguzwa hadi uzito wa gramu 400 au 500 kwenye mizani ya duka na kufungwa kamba katikati pale inapolala sawa juu ya kidole, inafundisha mshiko, hatua na mstari. Ncha ibaki butu. Kwa watoto wa msingi dunia nzima inafanya hivyohivyo, ila wao wanatumia mikuki midogo ya plastiki yenye ncha ya mpira.

Na ule wa babu je? Swali hili Hanang lina uzito wake, maana mkuki uko nyumbani. Wadatoga wana wahunzi wao hodari. Upande wa Ziwa Eyasi wanajulikana kwa kufua misumari kuwa vichwa vya mishale vya Wahadzabe, na kuyeyusha shaba chakavu kuwa bangili. Mhunzi anajua kitu ambacho mwalimu wa michezo anahitaji kukijua: kila madini na kazi yake. Shaba haiwekwi kwenye ncha ya kuwindia, na chuma hakifanywi pambo la mkono wa bibi harusi bila sababu.

Mkuki wa asili umetengenezwa kwa kazi ya karibu. Uzito wake uko kwenye chuma cha mbele, na anayeutumia anataka upenye, hatafuti uelee. Kijana aliyezoea huo ana mambo matatu ambayo mtoto wa mjini hana: haogopi mkuki, anajua ncha inakwenda wapi, na bega lake limezoea kunyanyuka. Hayo ni mtaji. Lakini ana pia tabia ya kuvuta mkono kwa ufupi na kuelekeza ncha chini kwenye shabaha. Mkuki wa riadha unataka mkono unyooke nyuma kabisa na ncha ipande, kwa warushaji wengi wazuri kwenye nyuzi 30 na kitu hivi. Kijana huyo akipewa mkuki mgumu wa chuma mapema, tabia ya zamani inamganda. Akipewa laini unaosamehe, ana muda wa kubadilika.

Nadeem na mkuki mmoja wa miaka saba

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi zenye fedha. Wamtazame Arshad Nadeem wa Pakistan. Ametoka Mian Channu, Punjab, baba yake kibarua wa ujenzi. Mapema mwaka 2024 alisema hadharani kwamba mkuki wake mmoja wa kiwango cha kimataifa alikuwa ameutumia kwa miaka saba au minane na ulikuwa umeharibika. Hata mpinzani wake mkubwa, Neeraj Chopra wa India, alishangaa na kumtetea. Agosti 8, 2024, kule Paris, Nadeem alirusha mita 92.97, rekodi ya Olimpiki, akachukua dhahabu.

Hadithi hiyo inasomwa vibaya na watu wa pande mbili. Wa kwanza wanasema, "Unaona? Kifaa si kitu, kipaji ndiyo kila kitu." Wa pili wanasema, "Unaona? Bila mkuki wa kimataifa hufiki popote." Ukweli uko katikati. Nadeem alilia kuhusu mkuki akiwa tayari ni mtu wa mita 90, mahali ambapo ubora wa bomba unaleta tofauti. Hakuna anayerusha mita 35 aliyewahi kukwamishwa na kukosa mkuki wa dola 1,000. Wanakwamishwa na kukosa mkuki wowote, au kuwa na mmoja wa kugombania watu 30.

Historia ya mchezo wenyewe inaonyesha kwamba kifaa kina nguvu pale juu. Mjerumani Mashariki Uwe Hohn aliporusha mita 104.80 mwaka 1984, wakubwa waliona uwanja hautoshi. Mwaka 1986 kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele ili ncha ishuke mapema, na rekodi zikaanza upya. Mwaka 1991 mikuki yenye mikia iliyokwaruzwa ili kuelea zaidi ikapigwa marufuku, na rekodi zilizowekwa nayo zikafutwa. Wa wanawake ukabadilishwa mwaka 1999. Rekodi ya sasa ya wanaume, mita 98.48 za Jan Železný, ni ya mwaka 1996. Kwa mabingwa, sentimita chache za kitovu cha uzito ni habari ya dunia. Kwa Gitting, habari ni idadi ya mara ambazo mtoto amerusha kwa wiki.

Hesabu ya mwalimu wa michezo

Tuseme shule ina bajeti ya kununua mkuki mmoja wa chuma wa daraja zuri. Kwa fedha hiyohiyo inaweza kupata mikuki kadhaa ya alumini ya kuanzia, ambayo huko inakouzwa mingi iko chini ya dola 150 kabla ya usafiri na ushuru. Kundi la watoto 20, mazoezi ya saa moja. Kwa mkuki mmoja, kurusha, kutembea kuufuata na kuurudisha ni dakika mbili. Ni mirusho 30 kwa saa, yaani kila mtoto mmoja au miwili. Kwa mikuki minne inayorushwa pamoja na kufuatwa pamoja, kila mtoto anapata sita. Kwa msimu wa wiki 12 zenye mazoezi mawili kwa wiki, ni tofauti ya mirusho 36 na 144. Hakuna chuma duniani kinachofidia pengo hilo.

Usalama unapanda pia. Mikuki minne inarushwa kwa amri moja, wote wakiwa nyuma ya mstari, na wote wanaifuata kwa amri moja. Mkuki mmoja unaleta tabia ya mtu mmoja kuufuata huku wengine wanachezacheza njiani. Ajali nyingi za mkuki zinaanzia kwenye kuchezacheza huko, na hata mkuki uliosimama ardhini ni hatari kwa anayeufuata mbio, maana mkia unamwangalia usoni.

Chuma kina wakati wake

Hata hivyo, shule na wilaya zikiishia kwenye alumini peke yake, zitakuwa zimewaandaa watoto nusu. Kwenye mashindano makubwa, vifaa huwekwa na waandaaji, na mwanariadha anaweza kukuta mkuki mgumu ambao hajawahi kuushika. Siku ya fainali siyo siku ya kufahamiana. Kijana aliyezoea bomba linalopinda atashika kitu kinachompa jibu jingine mkononi, atakaza bega, na mirusho mitatu itaisha kabla hajakaa sawa. Watu watasema ameogopa uwanja.

Kwa hiyo mgawanyo wenye mantiki ni huu. Shule ziwe na fito na mikuki laini ya alumini, gramu 400 hadi 600 kwa wadogo na wasichana, 700 kwa wavulana wa sekondari. Wilaya, kupitia maofisa michezo wake wa Katesh na Mbulu, ziwe na mikuki miwili mitatu ya chuma ya daraja la kati inayokaa sehemu moja na kutumiwa na wale tu waliochaguliwa kwenda mkoani, wiki kadhaa kabla ya safari. Kigezo cha kumpandisha mtoto kisiwe umri wala urefu. Kiwe mkuki wake wa alumini kutua kwa ncha karibu kila anaporusha, na kiwiko kutouma kesho yake. Anayefika mita 50 na kuendelea kwa mtindo safi, huyo chuma kinamdai.

Na jina la madini lisiwe ndiyo kila kitu. Ipo mikuki ya chuma ya bei rahisi yenye mizania mibovu, na ipo ya alumini iliyotengenezwa vizuri ambayo mrushaji mzuri ataitumia kwa miaka. Anayenunua aulize mambo manne kabla ya rangi: uzito, daraja la umbali, kitovu cha uzito kipo kwenye mshiko, na kama una muhuri wa kukubalika kwenye mashindano. Hili la mwisho ni muhimu kwa mikuki ya wilaya, kwa mikuki ya mazoezi ya shule siyo lazima.

Nani atafaidika

Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980, zote za mbio: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Dhahabu ya Simbu imekuja miaka 45 baadaye, tena kwa mbio. Mbio zitaendelea kuleta heshima na hakuna anayezidharau. Lakini marathoni ya leo ina Wakenya na Waethiopia kwa mamia, kila mmoja anaweza kushinda siku yake. Kwenye mkuki, dunia ni ndogo zaidi. Kule Tokyo bingwa alikuwa Keshorn Walcott wa Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa yenye watu wachache kuliko mkoa wa Manyara, kwa mita 88.16. Nafasi ya pili ikaenda kwa Anderson Peters wa Grenada, nchi ambayo watu wake wote hawafiki idadi ya watu wa wilaya moja ya huku kwetu. Mwaka 2024 bingwa wa Olimpiki alitoka Pakistan, taifa la kriketi.

Mkuki hauchagui nchi tajiri. Unachagua mahali penye watoto wengi wanaorusha mara nyingi bila kuumia. Hanang na Mbulu watoto wapo, mabega yapo, mashamba ya kutulia mkuki yapo, na heshima ya mkuki ipo tangu enzi za mababu. Kinachobaki ni uamuzi mdogo wa ununuzi kabla ya msimu ujao wa UMITASHUMTA na UMISSETA kuanza: laini kwa anayejifunza, ngumu kwa aliyejua. Wilaya ikilibeba hilo kinyumenyume, itakuwa na mkuki mmoja mzuri wa chuma stoo, na viwiko vingi vibovu mtaani.